Fundi kaondoka katikati, anadai zaidi, na paa linavuja: nani anamdai nani?

Swali la msomaji:

Shikamoo mtaalamu. Mimi naishi Chikongola, Mtwara mjini. Mwezi wa nane nilianza kuongeza vyumba viwili na jiko nyuma ya nyumba tuliyoachiwa na wazazi. Fundi ni mtoto wa shemeji yangu. Tulikubaliana kwa mdomo ufundi wote shilingi 3,200,000, vifaa nanunua mwenyewe. Nimeshampa 2,500,000, nyingine kwa M-Pesa, nyingine mkononi. Amejenga, amepaua, amepiga lipu ndani ya chumba kimoja, halafu mwezi wa kumi na moja akaenda Newala kwenye kazi nyingine. Mvua zilipoanza, paa linavuja pale linapokutana na nyumba ya zamani, na kuna ufa kwenye maungio ya ukuta. Nimempigia simu, anasema nimmalizie kwanza 700,000 iliyobaki na 600,000 ya kazi za nyongeza: kozi (mistari ya tofali) mbili za juu, kibaraza cha nyuma, na kutanua dirisha la jiko. Mimi naona anirudishie angalau 1,500,000 kwa uharibifu, na nahisi hata saruji ameuza, maana jamvi (zege la chini ya sakafu) peke yake limekula mifuko 22. Vifaa vyake nimevifungia stoo. Wapo wanaoniambia niende polisi, wapo wanaoniambia nimwachie Mungu. Nifanyeje?

Jibu:

Marahaba dada yangu, na pole kwa kulala na ndoo chumbani. Mimi kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, yaani kupima kazi za ujenzi na gharama zake, si uwakili, kwa hiyo nitaanza na futi kamba na kalamu. Sheria itaingia pale inapohitajika.

Tazama kwanza namba zenu. Wewe unataka urudishiwe 1,500,000. Yeye anataka aongezwe 1,300,000. Kati yenu kuna pengo la 2,800,000, na kazi nzima ilikuwa ya 3,200,000! Pengo kubwa kiasi hicho kwenye kazi ndogo kiasi hicho maana yake ni kwamba hakuna kati yenu aliyepima kitu. Wewe umetaja namba ukiwa umeloa, yeye ametaja namba akiwa Newala ambako watu wameuza korosho na kila mtu anatafuta fundi. Sisemi mmoja wenu ni mwongo. Nasema hamjafunga hesabu, na mpaka ifungwe, kila kikao mtakachokaa kitakuwa cha kukumbushana maneno.

Makubaliano yenu ya mdomo ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai makubaliano ya namna hii yaandikwe ndipo yawe na nguvu. Inadai watu wenye akili timamu, hiari, na malipo halali. Kwa hiyo ile 3,200,000 inawafunga wote wawili. Wewe huwezi leo kusema ilikuwa ghali, naye hawezi kusema alikuonea huruma kwa sababu ni ndugu.

Sasa chukua daftari. Andika kazi nzima kama mlivyoielewa siku mnakubaliana, uigawe kwa hatua. Kisha watafute mafundi wawili wasiohusika, wasiotafuta kazi kwako, uwaulize: kama ufundi wote ungekuwa 3,200,000, kila hatua ingebeba kiasi gani? Usiwaulize wao wangefanya kwa bei gani. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Fundi akikubali kazi kwa bei nafuu, robo ya kazi hiyo nayo ni nafuu. Hupimi kwa bei ya soko la leo, unapima kwa sehemu ya bei mliyokubaliana. Tuseme wamekupa mgawanyo huu, ambao kwa vyumba vya ukubwa wako si wa ajabu: msingi na jamvi 700,000, kuta mpaka juu pamoja na linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) 800,000, kupaua 600,000, lipu ya ndani 400,000 (kila chumba 150,000, jiko 100,000), lipu ya nje 300,000, sakafu 250,000, kufunga fremu za milango na madirisha 150,000. Jumla inarudi 3,200,000.

Kilichosimama kwako ni msingi na jamvi, kuta, paa, na lipu ya chumba kimoja. Hiyo ni 2,250,000. Wewe umelipa 2,500,000. Bila kugusa nyongeza wala kasoro, amekutangulia kwa 250,000. Kwa hiyo ile "700,000 iliyobaki" anayoitaja haipo. Ingekuwepo kama angemaliza. Fedha iliyobaki kwenye mkataba ni malipo ya kazi iliyobaki, na mwenye kuacha kazi ameiacha pamoja na malipo yake.

Nyongeza ndiyo sehemu inayogombanisha watu kuliko zote, na hapa naomba usikasirike nikisema fundi ana haki kidogo. Kila nyongeza iulizwe maswali mawili: ilikuwa nje ya tulichokubaliana? Na nani aliyeitaka? Kozi mbili za juu, kama ulisema wewe ukuta upandishwe ili dari lisiwe chini, hiyo ni nyongeza halali. Kibaraza na ngazi zake, kama havikuwemo siku ya makubaliano, ni nyongeza halali pia, hata kama bei haikutajwa. Kifungu cha 70 cha sheria hiyohiyo kinasema mtu akikufanyia kitu kihalali bila nia ya kukupa bure, nawe ukanufaika nacho, unapaswa kumfidia. Lakini dirisha la jiko nina shaka nalo. Kama alijenga tundu dogo kuliko fremu mliyokuwa mmeshainunua, kulitanua ni kusahihisha kosa lake, na kosa halilipwi mara mbili. Kama wewe ndiye uliyebadili mawazo baada ya kuona dirisha la jirani, basi umlipe. Kumbuka vizuri, na uikumbuke kwa haki, maana hilo ndilo swali la kwanza atakalokuuliza mbele ya watu.

Bei ya nyongeza nayo haitoki hewani. Kozi mbili zihesabiwe kwa idadi ya tofali zilizoongezeka, kwa bei ileile ya ukuta iliyomo kwenye mgawanyo. Kibaraza kipimwe kwa eneo. Tuseme kozi zimetoka 120,000 na kibaraza 180,000, na dirisha limegundulika ni kosa lake. Nyongeza ni 300,000, siyo 600,000. Stahili yake sasa imepanda mpaka 2,550,000. Kwa hatua hii, dada, wewe ndiye unayedaiwa 50,000.

Subiri, hatujafika kwenye kasoro.

Paa kwanza, kwa sababu maji hayasubiri kikao. Mvua za huku kwetu zikishaanza zinakwenda mpaka mwezi wa nne au wa tano, na kila wiki ya kuvuja inaongeza uharibifu ambao baadaye mtabishana ni wa nani. Panda juu na fundi bati asiyehusika, siku kavu, upige picha. Angalia pale bati jipya linapogusa ukuta wa zamani. Panatakiwa bati lililokunjwa ambalo upande mmoja umeingizwa ndani ya mfereji uliochongwa ukutani na kuzibwa, na upande wa pili umelalia juu ya bati jipya. Mara nyingi nakuta fundi amepaka saruji tu pale kwenye kona. Saruji inashika siku mbili tatu, jua la Mtwara likichemsha bati linatanuka, usiku linasinyaa, saruji inapasuka, maji yanapata njia. Angalia pia misumari: inapaswa kupigwa juu ya mgongo wa bati, siyo kwenye bonde maji yanakopita. Angalia mwinuko, kama maji yanatuama. Ukiwa hukohuko juu tazama kama kenchi (mbao zinazobeba paa) zimefungwa kwenye ukuta kwa waya au chuma kilichozamishwa kwenye mkanda wa zege. Hilo halihusiani na kuvuja, lakini sisi wa pwani ya kusini tulioona Kimbunga Hidaya, Mei 2024, hatuna sababu ya kuacha bati lililoshikwa na uzito wake tu. Mwisho mwagieni maji kwa mpira, mkianzia chini mkipanda polepole, mtu mmoja akiwa ndani anatazama. Mtajua maji yanaingilia wapi bila kubishana.

Ufa ni jambo jingine, na hapa sitaki umhukumu fundi kabla hujautazama. Nyumba ya wazazi imekaa miaka, ardhi yake imeshashuka kadiri ya kushuka. Chumba kipya kimekaa juu ya ardhi iliyochimbwa juzi, nacho kitashuka kidogo. Ukiunganisha viwili hivyo kwa kuvigandisha, mmoja atavuta na mwingine atakataa, na ufa utatokea palepale kwenye maungio. Ni kama nguo iliyoshonwa kitambaa kipya juu ya kilichokwisha kufuliwa mara nyingi. Fundi anayejua hufanya moja kati ya mawili: ama anachonga meno kwenye ukuta wa zamani na kuweka nondo za kushikilia kila kozi kadhaa, misingi ikiwa inalingana, ama anaacha nafasi kwa makusudi kati ya kuta mbili, anaijaza kitu kinachonyumbuka, kisha anaifunika. Kwa nyumba zile za Mikindani za mawe ya matumbawe na chokaa ningependelea hii ya pili bila kufikiri mara mbili. Kuta zile zinapumua na kusogea kwa namna yake, na kuzifunga kwa saruji ngumu ni kuzitafutia maradhi.

Kwa hiyo utazame ufa wako. Kama umesimama wima kwenye maungio, mwembamba na sawa toka chini mpaka juu, ni ufa wa kuunganisha. Unakera lakini hauangushi nyumba, na hurekebishwa kwa fedha ndogo. Kama unakwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, au juu ni mpana kuliko chini, au unaingiza ncha ya kidole, acha kila kitu umwite mhandisi, manispaa wapo, kwa sababu hapo tunazungumzia msingi au linta. Ili ujue kama bado unatembea, bandika kipande kidogo cha jipsamu juu ya ufa, andika tarehe kwa kalamu, usubiri wiki chache. Kikipasuka, ukuta bado unasogea, na kuuziba sasa ni kupoteza saruji.

Kuna swali ambalo fundi atakurudishia na uwe na jibu lake: nani alinunua mchanga? Ulisema vifaa ulinunua wewe. Kama ulichukua mchanga wa ufukweni kwa sababu tripu yake ni rahisi, chumvi iliyomo itakula nondo na kutoa ukungu mweupe ukutani, na sehemu ya lawama ni yako. Sehemu, siyo yote. Fundi aliyeona mchanga mbaya akaupokea akanyamaza akajengea naye ana la kujibu, maana ulimlipa kwa ujuzi wake na si kwa mikono peke yake. Vivyo hivyo kumwagilia. Kama mlikubaliana wewe ndiye wa kumwagilia zege na tofali kwa wiki ya kwanza na hukufanya kwa sababu bomba lilikatika, sema hivyo.

Na hiyo saruji ya jamvi, dada, muombe radhi kimoyomoyo. Tuseme vyumba vyako viwili na jiko ni kama mita 8 kwa 4, yaani mita za mraba 32. Jamvi la unene wa sentimita 10 linatoa mita za ujazo 3.2. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) linakula karibu mifuko sita na robo ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha: mifuko 20. Mbili za ziada ni za kawaida, ardhi haikuwa sawa kila mahali, nyingine imemwagika. Ungeniambia limekula mifuko 14 ningekuwa na wasiwasi zaidi, kwa sababu hapo angekuwa amechanganya moja kwa tatu kwa sita, au amepunguza unene. Watu huhesabu mifuko iliyopungua na kushuku wizi. Nadra kumkuta anayehesabu mifuko iliyobaki na kushuku kazi.

Turudi kwenye hesabu. Gharama ya kurekebisha paa na ufa, ufundi na vifaa, tuseme mafundi wale wawili wamekupa wastani wa 250,000. Hiyo inakatwa kwenye stahili yake: 2,550,000 inabaki 2,300,000. Umelipa 2,500,000. Fundi anakudai sifuri. Wewe unamdai 200,000. Namba zako halisi zitatofautiana na hizi zangu za mfano, lakini nitashangaa sana zikikaribia milioni moja na nusu au milioni moja na laki tatu. Kwa 200,000 watu wenye akili hawavunji undugu. Kwa 2,800,000 wanavunja.

Lakini fedha ya kasoro huikati kimyakimya. Lazima umpe nafasi ya kuja kuona na kurekebisha mwenyewe. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo, lakini kinatazama pia kama wewe ulichukua hatua za kuzuia hasara isikue. Maana yake ni mbili: usiache paa livuje mpaka mwezi wa tano ili deni linenepe, na usimwite fundi mwingine afumue kila kitu kabla wa kwanza hajaambiwa. Mwandikie. Ndiyo, hata kama ni mtoto wa shemeji na anakuita mama mkubwa. Maneno machache yanatosha:

"Tarehe fulani tulikubaliana ufundi wa vyumba viwili na jiko kwa shilingi 3,200,000. Nimekulipa 2,500,000. Kazi ambazo hazijafanyika ni hizi. Kazi za nyongeza ninazozikubali ni hizi, kwa bei hizi. Kasoro zinazohitaji kurekebishwa ni paa kwenye maungio na ufa wa ukuta. Naomba ufike tarehe fulani tukague pamoja, na marekebisho yaanze ndani ya siku 14. Usipofika nitaweka fundi mwingine kwa ajili ya kasoro hizo, na gharama nitaiingiza kwenye hesabu yetu."

Mpelekee karatasi na umtumie picha yake kwa WhatsApp. Ujumbe wa simu na wa M-Pesa ni ushahidi unaopokelewa mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imelisema hilo. Kwa hiyo usiufute hata ule uliomtukania. Zile fedha za mkononi ziandike sasa hivi kabla hujasahau: tarehe, kiasi, nani alikuwepo. Kama paa haliwezi kusubiri siku 14, funika kwa turubai, piga picha, tunza risiti.

Vifaa vyake vitoe stoo leo. Hili halina mjadala. Mirunda, toroli na pima maji ndiyo riziki yake, na ukivishikilia unampa hoja ya kudai siku alizokosa kazi. Baya zaidi, hadithi inabadilika: ulikuwa mwenye nyumba inayovuja, sasa umekuwa mama mkubwa aliyempora kijana zana zake. Mwite mjumbe, orodhesheni kifaa kimoja kimoja, asaini yeye au ndugu atakayekuja kuchukua.

Polisi usiende. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa kweli, limo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, lakini linahitaji hila tangu mwanzo: mtu achukue fedha akijua hana nia ya kufanya. Wako amechimba, amejenga, amepaua. Kumweka ndani kwa deni la mkataba kutakuletea shemeji mlangoni usiku, na bati litabaki vilevile. Wala usipelekwe Baraza la Kata au Baraza la Ardhi na Nyumba kwa sababu tu ugomvi unahusu nyumba. Hamgombei kiwanja, mnagombea ufundi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa na sheria ya 1997, inawashughulikia makandarasi iliowasajili. Ungekuwa umempa kampuni iliyosajiliwa ningekwambia upeleke malalamiko huko, lakini kijana wako hamo kwenye daftari lao.

Anzia kwenye kikao kidogo, na mahali pake ni hapohapo kwenye kibaraza kinachogombaniwa, si sebuleni kwa shemeji. Wawepo wewe, yeye, mtu mzima mmoja wa ukoo ambaye nyote mnamheshimu, mwenyekiti wa mtaa, na mmoja wa wale mafundi wawili. Karatasi ya hesabu iwe mkononi mwa kila mtu. Mzunguke nyumba mkiwa nayo, hatua kwa hatua, mkitia alama panapokubaliwa. Wazee wa ukoo wana uzuri wao, ila wana ugonjwa wa kugawa katikati: "wewe punguza, na wewe punguza, yaishe." Mgawanyo wa katikati unamfaa aliyetaja namba kubwa zaidi. Ndiyo maana nakusisitiza uende na vipimo. Mkikubaliana, andikeni, msaini wote na mashahidi, kila mmoja abaki na nakala. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya hukumu, lakini karatasi iliyosainiwa mbele yake ni makubaliano mapya, na akiyakiuka utakuwa na kitu cha kushika.

Asipofika, au akifika akapiga meza akaondoka, Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya kiasi hiki yatokanayo na mkataba. Inaendeshwa kwa Kiswahili na huhitaji wakili. Utadai kiasi kilichopimwa, siyo 1,500,000 ya hasira. Hakimu akiona madai yana orodha, picha, na fundi shahidi aliyepanda juu ya paa, kazi yake inakuwa nyepesi. Jiandae pia kwamba naye anaweza kuleta madai yake ya nyongeza. Atakayeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka sita, kwa hiyo hakuna anayekukimbiza. Usifungue kesi katikati ya mvua kwa sababu ya kutishiwa. Ukitaka mtu wa kukusaidia kuandika, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawatozi. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa itakuelekeza.

Jambo dogo ambalo hukuuliza: kibali. Kuongeza vyumba mjini kunahitaji kibali cha ujenzi cha Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Kama hukuchukua, nenda ukalishughulikie kabla ugomvi haujakua. Fundi aliyekasirika anajua njia ya kwenda ofisi ya mipango miji, na alama nyekundu ya X ukutani itakugharimu kuliko paa.

Na je, arudi yeye kumalizia? Kama kwenye kikao amekubali hesabu na akarekebisha paa mwenyewe, mimi ningemrudisha. Ukuta ni wake, anajua nondo zilipo na mabomba yalipopita, na fundi mpya kazi yake ya kwanza siku zote ni kuponda kazi ya aliyemtangulia ili apandishe bei. Kazi iliyobaki kwa mgawanyo wetu ni 950,000: lipu ya chumba na jiko 250,000, ya nje 300,000, sakafu 250,000, fremu 150,000. Toa ile 250,000 ya marekebisho kwenye hesabu kwa kuwa ameyafanya yeye, kama vifaa navyo amenunua mwenyewe, na utaona alikuwa anakudai 50,000 tu. Jumla mpaka mwisho ni 1,000,000. Lipa chumba kikiisha, siyo kikianza, na kwa kila malipo bakiza moja ya kumi mpaka masika yapite. Kama ana kazi Newala mpaka mwezi wa pili, andikeni mwezi wa pili. Tarehe ya kweli iliyo mbali ina faida kuliko "kesho kutwa" ya kwenye simu. Fremu zifungwe kwanza, kisha lipu ya ndani, kisha sakafu. Lipu ya nje isiguswe mpaka maungio ya paa yamwagiwe maji kwa mpira yasivuje, na kile kipande cha jipsamu kwenye ufa kiwe bado kizima.